Msiishie darajani Bristol



Natoa maoni yangu kwa ndugu zetu wanaokwenda Uingereza kwa masomo, mikutano au matembezi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Kila nifundishapo habari za utumwa, wanafunzi huniuliza: "Mwalimu, na Waingereza huwaeleza watoto wao mambo haya?" Sikuwa na jibu.

Mwaka jana nilibahatika kufika mji wa Bristol kwa ziara ya walimu. Wenyeji wetu walitutembeza vizuri. Tuliona daraja la Clifton, lililofunguliwa mwaka 1864, na meli ya chuma iitwayo Great Britain, iliyoshushwa majini mji huo huo mwaka 1843. Ni kazi za kusifiwa, wala sina kinyongo nazo.

Lakini nyumba moja haikuwamo katika ratiba yetu, nikaifuata mwenyewe kwa miguu. Ilikuwa ya John Pinney, tajiri wa mashamba ya miwa katika kisiwa cha Nevis. Sasa ni makumbusho, na kuingia ni bure. Humo aliishi pia Pero, mtumwa ambaye Pinney alimnunua mwaka 1765 akiwa mtoto wa miaka 12. Pero alifariki mwaka 1798 bila kupewa uhuru wake. Mwaka 1999 daraja moja la bandarini lilipewa jina lake.

Katika makumbusho ya M Shed, hapo hapo bandarini, imelazwa sanamu ya Edward Colston, aliyetajirika kwa biashara ya watumwa. Ilisimamishwa mwaka 1895 kwa heshima. Tarehe 7 Juni, 2020 waandamanaji waliiangusha na kuitupa majini. Haikurudishwa mahali pake wala haikufichwa. Imewekwa na rangi waliyoipaka ili kila mtu aione.

Basi leo wanafunzi wangu nawajibu: wapo wanaoeleza, lakini mgeni asiyeuliza huonyeshwa ukumbi tu.

Ushauri wangu ni kwamba yeyote afikaye Bristol asirudi na picha za daraja la Clifton peke yake. Aulize sukari ilitoka wapi, na nani aliyekata miwa. Nasi tunaotunza kumbukumbu za utumwa Bagamoyo na Mkunazini tusione haya kuwaonyesha wageni na watoto wetu. Mficha uchi hazai.

Mwalimu wa Kijijini,
Bagamoyo.