Maktaba ya mtaa isiwe ya ‘nyamaza!’ pekee

Kijana wa Nairobi akitaka kuketi mahali bila kununua chochote, aende wapi? Mkahawani lazima uagize chai. Nyumbani ni chumba kimoja na wadogo zako wamewasha TV. Mkisimama kwenye kona mkipiga stori, polisi wakipita mnaitwa wahuni.

Mahali pa bure papo: maktaba ya umma. Shida ni kwamba nyingi zimepangwa kwa ajili ya vitabu kuliko watu. Ni rafu, meza na amri ya kunyamaza, kisha mlango unafungwa jioni, saa ile ile mwenye kibarua anapotoka kazini.

Maktaba ya McMillan, katikati ya jiji, ilifunguliwa 1931 ikiwa ya Wazungu pekee. Ubaguzi huo uliisha, lakini jengo linaweza kumfukuza mtu hata bila kibao cha kumkataza. Asiyeweza kupanda ngazi anaachwa nje. Mama mwenye mtoto mchanga anaona aibu kuingia.

Hali inaweza kubadilika. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, limeshirikiana na Kaunti ya Nairobi kukarabati matawi ya McMillan kule Kaloleni na Makadara. Leo maktaba hizo si za kusomea tu. Watoto husimuliwa hadithi, na hata tamasha la fasihi, NBO Litfest, limewahi kufanyika humo. Sanaa imewafuata watu Eastlands badala ya kuwangoja mjini.

Kuna watakaosema kelele zitawaharibia watahiniwa wa KCSE. Hoja hiyo ina uzito, kwani kuna wanaosoma maktabani kwa sababu nyumbani hakuna nafasi wala stima ya uhakika. Basi kimya kiwe chumba, kisiwe sheria ya jengo zima. Chumba cha kusomea kiwe upande wa ndani, mbali na barabara. Ukumbi wa mikutano, mazoezi ya maigizo na mijadala uwe karibu na lango, na uwe na mlango wake ili utumike hata usiku. Ongeza veranda yenye benchi, soketi za kutosha, Wi-Fi kwa asiye na bando, vyoo safi na njia ya kiti cha magurudumu. Na kabla ya fundi kuchimba msingi, wakazi waulizwe wanataka nini.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inakabidhi kaunti jukumu la maktaba. Kwa hivyo, vikao vya umma vya bajeti vikiitishwa katika wadi yako, usiwaachie wazee pekee. Nenda na wenzako, mumuulize MCA maswali mawili: maktaba yetu imetengewa pesa ngapi, na itafungwa saa ngapi?