Mchango wa Huruma Usiwe Mtaji wa Waongo

Ni shida siku hizi kumpata mtu mzima ambaye hajapata kuombwa mchango kwa ajili ya mgonjwa wa saratani. Ombi huja kwa simu, hutangazwa kanisani na msikitini, hupitishwa kazini katika bahasha. Na watu wetu hutoa. Atoa mwenye duka, atoa mchuuzi wa samaki, atoa na mwalimu ambaye mshahara wake umekwisha kabla ya mwezi kwisha. Jambo hili ni jema nasi twalisifu. Taifa ambalo watu wake hawashtuki mwenzao anapougua si taifa, ni umati wa watu tu.

Lakini kazi ya gazeti si kusifu peke yake. Pamoja na maombi hayo ya huruma huja habari nyingine, mara nyingi kwa simu ile ile, ya kwamba saratani haitaki hospitali. Yatosha, wasema, mgonjwa aache sukari na nyama, anywe maji ya matunda na majani yaliyosagwa, au achemshe majani ya mstafeli, naye atapona. Twaona yatupasa kusema wazi juu ya habari hizo, maana zaua watu.

Yaliyotokea Australia yafaa kutufundisha. Mwanamke mmoja, Belle Gibson, aliwaambia watu kwamba ana saratani ya ubongo, kwamba ameacha matibabu ya hospitali, na kwamba anajiponya kwa chakula safi. Mwaka 2013 alitoa programu ya simu ya mapishi yake, na mwaka 2014 akatoa kitabu. Aliwaahidi wanunuzi kwamba sehemu ya fedha zao itakwenda kwa vyama vya hisani na kwa wenye shida. Mwaka 2015 waandishi wa magazeti waliuliza swali jepesi: fedha ziko wapi? Vyama vilivyotajwa vikasema havijapokea kilichoahidiwa. Mwaka huo huo mwanamke huyo alikiri kwamba hakuwa na saratani hata siku moja. Mwezi Septemba 2017 Mahakama ya Shirikisho ya Australia ilimtoza faini ya dola 410,000 za nchi hiyo. Miongoni mwa makosa yake ni ahadi ya kutoa mauzo ya juma moja kwa familia ya mtoto aliyekuwa na uvimbe wa ubongo, ahadi ambayo hakuitimiza.

Angalieni jinsi uongo wa tiba na uongo wa mchango ulivyokaa nyumba moja. Si ajabu. Wote wawili hula mahali pamoja: hofu ya mgonjwa na huruma ya jirani yake. Na tusiwacheke Waaustralia. Sisi wenyewe mwaka 2011 tuliona maelfu kwa maelfu ya watu wakipanga foleni ya magari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu kwa shilingi 500, wakiamini kwamba kinaponya ukimwi, kisukari na saratani pia. Wapo walioacha dawa zao nyumbani, na wapo waliofia njiani. Mfa maji hukamata maji, na mgonjwa hana lawama. Lawama ni yetu sisi wazima ambao tulijua kuuliza na hatukuuliza.

Basi na tuulize leo. Husemwa kwamba saratani hula sukari, na kwamba ukiinyima sukari itakufa. Kweli chembe za saratani hutumia sukari, lakini chembe zote za mwili hutumia sukari, na mtu akifunga kula ini lake hutengeneza sukari lenyewe. Afungaye namna hiyo hauui ugonjwa. Ajidhoofisha mwenyewe, kisha siku ya kupewa dawa kali mwili wake hauna nguvu ya kuzistahimili. Husemwa tena kwamba damu ikiondolewa uchachu kwa vyakula fulani saratani haiwezi kuishi. Lakini uchachu wa damu haufuati chakula. Mapafu na figo huulinda usiku na mchana usipande wala kushuka, na kama wangeshindwa kazi hiyo mtu angekufa kabla ya saratani yake.

Mtu atasema, mbona fulani alipona? Mara nyingi fulani huyo alikwisha kupasuliwa hospitalini kabla ya kuanza kunywa majani, na sifa ya kisu ikapewa kikombe. Nao waliokunywa majani wakafa hawarudi kutoa ushuhuda. Ndiyo sababu wataalamu huhesabu wote, waliopona na waliokufa. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha hesabu ya wagonjwa 281 ambao saratani yao ilikuwa haijaenea mwilini, nao wakachagua tiba mbadala peke yake. Waliwalinganisha na wagonjwa 560 waliotibiwa hospitalini. Hatari ya kufa kwa wale wa kwanza ilikuwa mara mbili na nusu ya wenzao, na kwa wenye saratani ya matiti ilizidi mara tano.

Tumfikirie mama aliyeona kivimbe kidogo katika titi lake. Akienda mapema, huenda akakatwa sehemu ndogo, akapewa dawa, akarudi kulea wanawe. Akikaa miezi minane akinywa maji ya mboga, kivimbe hakimngojei. Siku atakapofika Ocean Road, au Bugando, daktari atamkuta na ugonjwa uliokwisha kuingia mifupani. Ndipo majirani watachangishwa, nao watatoa mara kumi ya kile ambacho kingetosha mwanzoni. Wagonjwa wengi wa nchi yetu hufika wakiwa wamechelewa hivyo.

Hatusemi kwamba chakula si kitu. Mahindi na karanga zilizoota ukungu huwa na sumukuvu, na sumu hiyo huleta saratani ya ini. Tumbaku na pombe vina hatia inayojulikana. Mgonjwa naye ahitaji kula vizuri, uji, maharage, samaki na matunda, ili awe na nguvu ya kutibiwa. Wala hatudharau mimea ya wazee wetu. Katika ua dogo lenye asili ya kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, ilipatikana dawa ya vinkristini, ambayo tangu miaka ya 1960 imesaidia kuokoa watoto wengi wenye saratani ya damu. Lakini haikutoka shambani ikaingia kikombeni. Ilichambuliwa, ikapimwa, ikajulikana kipimo kinachoponya na kile kinachodhuru. Mwenye jani linaloponya kweli hataogopa mizani.

Twajua pia kwa nini watu hukimbilia vikombe. Hospitali ya saratani iko mbali, nauli ni kubwa, foleni ni ndefu, na pengine mgonjwa hujibiwa kwa ukali na mtu asiye na muda wa kumweleza ugonjwa wake. Mwongo ana muda. Humkalisha mgonjwa, humshika mkono, humwita mama. Serikali na waganga wetu hawatamshinda mwongo huyo kwa karipio. Watamshinda kwa kuleta uchunguzi karibu na vijiji na kwa kusema na mgonjwa kama binadamu. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi hutolewa kwa wasichana nchini tangu mwaka 2018. Mzazi anayemficha binti yake kwa sababu ya uvumi amsaidia mwongo yule yule.

Wengine wametuambia kwamba maneno kama haya yatawakatisha watu tamaa ya kuchanga. Sisi twaona kinyume. Mwaka 1980 kijana wa Kanada, Terry Fox, aliyekuwa amekatwa mguu kwa saratani ya mfupa, alianza kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu mmoja na mwingine wa bandia, akiomba fedha za utafiti. Alikimbia siku 143, zaidi ya kilomita 5,000, mpaka saratani ilipoingia mapafuni. Alikufa Juni 1981, akiwa na umri wa miaka 22. Kabla hajafa mchango wake ulikuwa umepita dola milioni 24, kiasi cha dola moja kwa kila mtu wa Kanada. Hakumwahidi mtu kikombe. Alisema kweli juu ya ugonjwa wake, na kweli ile iliwafanya watu watoe.

Kwa hiyo twatoa shauri letu. Anayechangisha awe na daftari, asome hesabu mbele ya waliotoa, na fedha za matibabu zilipwe hospitalini inapowezekana. Anayechangwa aulize mambo matatu: mgonjwa ameonwa na daktari gani, fedha ni za tiba gani, na nani atazishika. Swali si ukosefu wa huruma. Aulizaye amlinda mgonjwa, na amlinda hata mchangishaji mwaminifu asishukiwe bure.

Na zikisalia senti, zisinunue majani. Zimlipie nauli mama mwingine mwenye kivimbe kidogo, aende wiki hii.