Mkono wa Fanani: Mchezo wa Video na Hatima ya Ngano Pale Salama

Kwa muda mrefu wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuutaja mchezo wa video katika sentensi moja tu, nayo ni ile inayoomboleza kufa kwa ngano. Bibi amefariki, moto wa jikoni umezimika, watoto wamegeukia televisheni na vidole vyao havibanduki kwenye vitufe. Sentensi hiyo imerudiwa katika tasnifu nyingi kiasi kwamba haidaiwi tena ushahidi. Makala haya yanashikilia kuwa sentensi hiyo haina ukweli, angalau si pale Salama, na kwamba aghalabu wanaoiandika hawajawahi kuketi katika chumba ambamo mchezo wenyewe unachezwa.

Salama ni mji mdogo kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, katika Kaunti ya Makueni, kabla ya kufika Sultan Hamud kwa msafiri atokaye Nairobi. Malori hupumzika hapo, mahindi huchomwa hapo, na lugha mbili hupishana hapo mchana kutwa: Kikamba cha nyumbani na Kiswahili cha barabarani. Nyuma ya duka moja kulikuwa na chumba cha pleisteshen, kama vilivyo vyumba vingi vya namna hiyo nchini, ambamo vijana walilipa shilingi chache ili wacheze kandanda ya kwenye kioo. Mwenye chumba, kijana aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa na mashine nyingine ambayo hakuikodisha. Hiyo ilikuwa yake mwenyewe, na ndani yake mlikuwa na mchezo alioungoja kwa miaka.

Kungoja huko kulikuwa na historia. Mfululizo wa The Legend of Zelda ulianza Japani mwaka 1986. Mwezi wa Juni mwaka 2010 Shigeru Miyamoto, mmoja wa waasisi wake, alipanda jukwaani Los Angeles kuuonyesha mchezo mpya, Skyward Sword, na rimoti ikamkaidi mbele ya umma. Ikaelezwa kuwa mawimbi ya vifaa visivyotumia waya ukumbini ndiyo yaliyoivuruga. Mchezo ukatoka Novemba 2011, miaka mitano baada ya ule uliotangulia kwenye mashine ya Wii. Kijana wa Salama alikuwa ameyasoma hayo yote katika saiba, kwa kulipia dakika. Mashine yenyewe ilimfikia miaka mitatu baadaye, mtumba, ndani ya katoni la sabuni lililoletwa na basi.

Yafaa kueleza jinsi mchezo huu unavyochezwa, maana hoja yote imeegemea hapo. Katika Skyward Sword upanga hauchomolewi wala hauzungushwi kwa kitufe. Mchezaji husimama akiwa na rimoti mkononi, na shujaa aitwaye Link huuelekeza upanga pale mkono wa mchezaji unapoelekea. Mkono ukipanda, upanga hupanda. Mkono ukikata mshazari, upanga nao hukata mshazari. Siri yake ni kifaa kiitwacho MotionPlus, chenye jairoskopu inayopima mzunguko wa mkono, na pasipo kifaa hicho mchezo hauchezeki kabisa. Maadui hujikinga upande mmoja, na mchezaji hana budi kuusoma upande ulioachwa wazi kabla hajapiga. Upo mmea wenye kinywa: ukikifumbua kwa mlalo hukatwa kwa mlalo, ukikifumbua kwa wima hukatwa kwa wima. Anayepunga mkono ovyo kama afukuzaye nzi hashindi. Ili upanga upate nguvu ya ziada, mchezaji huuinua kuelekea mbinguni na kutulia hivyo mpaka uwake.

Upinde nao una utaratibu wake. Mkono mmoja hulenga, wa pili hurudi nyuma kana kwamba unavuta upote. Ukambani, ambako sifa ya mishale yenye sumu ilivuma tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu, sehemu hii haikuhitaji mwalimu. Mzee mmoja aliyeingia chumbani kumtafuta mjukuu wake alisimama mlangoni, akatazama, kisha akamsahihisha kijana namna ya kuweka bega. Mjukuu alisahaulika kwa muda.

(Kuna jambo dogo ambalo mswalihina yeyote angelifurahia. Link alikuwa mtu wa mkono wa kushoto katika michezo mingi ya awali. Mwaka 2006, mchezo wa Twilight Princess ulipopelekwa kwenye Wii, waundaji walitambua kuwa wachezaji wengi wangeshika rimoti kwa mkono wa kulia. Wakaigeuza dunia nzima ya mchezo kama taswira ya kiooni, mashariki ikawa magharibi, ili mkono wa shujaa ulingane na wa mchezaji. Katika Skyward Sword shujaa ameumbwa wa kulia tangu mwanzo. Huu ni ushahidi kwamba mkono wa mchezaji ulikuwa umepewa mamlaka makubwa kuliko jiografia.)

M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyochapishwa katika jarida la Mulika, alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio: ina fanani, ina hadhira, ina fani inayotendwa, na yote hayo hukutana mahali fulani kwa wakati fulani. Kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza hukariri hayo kabla ya mtihani. Ajabu ni kwamba akishakariri, humtafuta fanani penye mkeka na kibatari tu. Katika chumba cha Salama kulikuwa na mtu aliyesimama mbele ya wenzake akisogeza mwili wake ili kisa kiende mbele. Kulikuwa na waliokaa kwenye benchi wakimwonya, wakimcheka na kumshangilia. Na kisa hakikusonga hatua moja mpaka mkono ulipotenda. Ikiwa hilo si tukio la kifasihi, basi istilahi hiyo imepungukiwa na maana.

Lakini hapa ndipo penye kizingiti. Skyward Sword hauna sauti za mazungumzo. Wahusika husema kwa maandishi yanayopita kiooni, na maandishi hayo hupatikana kwa lugha kama vile Kijapani, Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kiitalia. Kiswahili hakimo. Nusu ya waliokaa kwenye benchi hawakuweza kuyafuata. Kwa hiyo kijana alilazimika kufanya kazi ya pili ambayo hakuna aliyemwomba aifanye: kila maandishi yalipojitokeza, alisitisha mkono na kuyasema kwa Kiswahili.

Namna alivyoyasema ndiyo inayostahili kuchunguzwa. Mchezo huu unahusu watu waishio kwenye kisiwa kinachoelea juu ya mawingu, wasiojua kilicho chini isipokuwa kwa masimulizi, hadi msichana Zelda anapotumbukia ardhini na Link kumfuata. Kijana hakulitumia jina la kisiwa hicho, Skyloft. Alikiita Kusadikika. Aliyeisoma riwaya ya Shaaban Robert ya mwaka 1951 ataelewa mara moja: ni nchi iliyo angani, na miongoni mwa wajumbe sita waliotumwa kwenda kutafuta maarifa, mmoja alitumwa ardhini, waliporudi na maarifa hayo malipo yao yakawa kifungo. Mmoja wa wasikilizaji aliuliza kama Link naye angefungwa akirudi juu. Swali hilo halimo katika mchezo. Limetoka katika riwaya, likapita kinywani mwa mtafsiri, likaingia katika hadhira, na tangu hapo kila Link alipopanda tena angani benchi zima lilikuwa na wasiwasi ambao waundaji wa Japani hawakuukusudia.

Roho ikaayo ndani ya upanga, ambayo hutoa taarifa zake kwa asilimia, kijana aliifanya jini la upanga lenye tabia ya karani wa sensa, na kila ilipozungumza kilifuata kicheko. Ghirahim, adui mkuu wa sehemu kubwa ya kisa, alimwita eimu, yaani zimwi la ngano za Kikamba. Hapo alipingwa. Ghirahim ni mtanashati, hujipamba na kujisifu. Mama mmoja muuza maji alisema eimu hajipambi, hula watu tu. Wakajadiliana, na kijana akashindwa. Siku iliyofuata Ghirahim alikuwa «bwana harusi asiye na bibi», na jina hilo likamganda.

Jioni moja umeme ulikatika katikati ya pambano. Kwa mujibu wa sentensi ile ya tasnifu, watoto wa televisheni wangelitawanyika. Hawakutawanyika. Kijana alibaki amesimama gizani akiwa na rimoti iliyokufa mkononi, na kwa muda wa nusu saa hivi alilimalizia pambano kwa mdomo, mkono ukiendelea kukata mlalo na wima, mtoto mmoja akimmulikia kwa simu. Alimuua Ghirahim. Umeme uliporudi Ghirahim alikuwa hai, na pambano likaanza upya kutoka mahali lilipohifadhiwa. Hadhira ilinung'unika. Wapo walioshikilia kuwa mwisho wa gizani ndio uliokuwa wa kweli.

Wapo watakaosema kwamba hii ni bidhaa ya kigeni, ghali, na kwamba mikono huchoka. Hayo yote ni kweli. Rimoti hupoteza mwelekeo na kulazimika kusawazishwa. Wachezaji wengi ulimwenguni walilalamika. Na mwaka 2021, Nintendo ilipoutoa mchezo huu upya kwa mashine ya Switch, iliongeza njia ya kuucheza kwa vitufe na kijiti, mchezaji akiwa amejilaza kitini. Bila shaka njia hiyo ni ya raha. Lakini mtu aliyejilaza hatazamwi na yeyote, na asiyetazamwa hana sababu ya kutafsiri. Hiyo ndiyo hasara, wala haionekani katika tahakiki zilizousifu urahisi huo.

Chumba cha Salama hakipo tena; pana duka la vipuri vya malori. Waliokuwa wakikaa kwenye benchi sasa wana simu, na kila mmoja huchezea yake, kimya. Hakuna aliyezinasa jioni zile. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliwahi kuzikusanya ngano za Wakamba na kitabu chake, Akamba Stories, kikachapishwa Oxford mwaka 1966. Alikwenda kwa wasimulizi akiwa na kalamu. Mwanafunzi wa leo anayerudi Makueni wakati wa likizo ana kinasa sauti na kamera ndani ya mfuko wa suruali. Akifika nyumbani humtafuta ajuza wa miaka themanini, na akimkosa huandika kwamba ngano imekufa. Kijana yule bado yuko mjini, anauza betri na taa za malori, na akiulizwa ilikuwaje siku ya umeme kukatika, huweka chini alichoshika ili apate nafasi ya kuzungusha mkono.