DADA, KABLA YA KUCHAGUA VIDEO YA KUCHEZA, CHAGUA SOMO

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Swali hili limenifikia zaidi ya mara moja, kutoka hapa Mpanda mjini, kutoka Mishamo na kutoka Karema kule ziwani. Kila dada anauliza kwa aibu, na wote wanauliza jambo moja: "Sheikh, nataka kujifunza kumchezea mume wangu ile densi ya tumbo ya Waarabu. Inafaa? Na kama inafaa, nijifunze kwa video zipi?"

Wapo watakaosema sheikh amekosa mada. Hapana. Dini iliyotufundisha adabu za kuingia chooni haiwezi kukaa kimya kuhusu chumba cha mume na mke.

HUKUMU KWANZA

Mke kumchezea mumewe faragha, pasipo jicho la tatu, asili yake ni halali. Mwanamume aliyehalalishiwa kumwona mkewe na kumgusa, ataharamishiwa vipi kumwona akicheza? Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), na katika Hadithi mchezo wa mtu na mkewe umetolewa katika michezo ya upuuzi. Kwa hiyo usione haya kwa nia yako. Ukinuia kumhifadhi mumeo na kujihifadhi, una ujira.

Lakini si wajibu. Mke asiyetaka kucheza hana dhambi, wala asilazimishwe.

Na tusichanganye mambo: Kiarabu si Uislamu. Densi hii ina asili ya zamani huko Misri na nchi jirani, lakini ile nguo ya vipande viwili yenye shanga, tumbo wazi, ni mavazi ya jukwaani. Ilienea kupitia kumbi za starehe za Cairo, kama ule wa Badia Masabni uliofunguliwa miaka ya 1920, na kupitia filamu. Hakuna sunna ndani yake. Mwenye kanga yake kiunoni hajapungukiwa na kitu.

KWA NINI TUNAULIZA SIMU?

Hapa ndipo penye uzito. Mpanda ni mji wa waliokuja. Reli ililetwa hapa kwa ajili ya madini ya risasi, wengine wakaja kwa kilimo, wengine kwa dhahabu, na tangu Katavi iwe mkoa mwaka 2012 wamezidi kuja watumishi. Dada ameolewa Tanga au Kigoma, amemfuata mumewe mpaka Makanyagio au Kawajense. Shangazi yuko mbali, bibi yuko mbali, na somo wake, yaani kungwi, hayupo.

Kule Pwani mwari alikabidhiwa kwa somo. Alikuwa mama mtu mzima, anayejulikana kwao na mwenendo wake, mwenye kutunza siri. Alimfundisha binti hedhi na josho, usafi, heshima ya mume, na ndani ya hayo akamfundisha na kiuno. Mila hizo zina mambo yanayopingana na sheria yetu, na hayo tunayaacha. Ila kuna jambo moja walilijua vizuri kuliko sisi: MLANGO ULIFUNGWA. Hata chakacha ya Mombasa na Lamu, wanawake waliicheza harusini wenyewe kwa wenyewe. Baadaye ikapandishwa jukwaani mbele ya watalii, na ikabaki kiuno bila sitara.

Leo kazi ya somo tumeikabidhi simu. Na simu haina mlango. Kwa hiyo usiulize tu "video ipi nzuri." Uliza: huyu ninayemwingiza chumbani kwangu ni nani?

MPIME KAMA UNAVYOMPIMA SOMO

1. Je, anafundisha au anajionyesha? Mwalimu wa kweli huanza kwa kupasha mwili moto. Anakwambia magoti yalegee kidogo, tumbo ulikaze ili mgongo usiumie, uzito uwe mguu upi. Anakwenda polepole, anarudia. Anayejionyesha hukupa dakika moja ya mauno na tabasamu, hujajifunza kitu, umetazama tu. Na kama una mimba au umejifungua karibuni, usianze kabla ya kumuuliza mkunga au daktari. Ukisikia maumivu ya mgongo au nyonga, acha.

2. Amevaa nini? Kwetu Mashafii uchi wa mwanamke mbele ya mwanamke mwenzake ni baina ya kitovu na magoti. Nguo iliyopasuliwa mapaja haikufai kuitazama hata kama wewe ni mwanamke. Tafuta anayefundisha akiwa amejisitiri. Mwendo wa kiuno unaonekana hata juu ya dera lililofungwa kanga.

3. Masikio yako nayo yataulizwa. Wanazuoni wamehitilafiana katika ala za muziki, lakini maneno machafu hawakuhitilafiana. Zima sauti ukishaelewa maelezo, uhesabu mwenyewe: moja, mbili, tatu, nne.

4. Usimfuate mpaka kwake. Mtandao hukuletea video inayofanana na ile uliyoitazama, kisha inayozidi. Umeingia kujifunza, baada ya nusu saa uko pengine kabisa na bando limekwisha. Chagua masomo mawili au matatu, yapakue, zima data, ndipo ujifunze.

5. USIJIREKODI. Hili naliandika kwa herufi kubwa makusudi. Usijirekodi ili ujikosoe, tumia kioo. Usimrekodie mume aliye safarini. Usitume kwenye kundi la "wanawake watupu", kwani kila simu ya kundi lile ina mume, ina mtoto, ina mdogo wake mtu. Simu huibiwa, huuzwa, hupelekwa kwa fundi. Na ndoa, Allah atuhifadhi, huvunjika. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayesambaza picha za ngono mtandaoni, lakini hukumu ya mahakama hairudishi kilichokwisha kutazamwa. Na ninyi wa kicheni pati: mnafunga mlango, kisha mnamwacha ndani kijana wa kamera!

NA SISI WANAUME

Baadhi ya dada hawa hawakuanza kwa hamu yao. Mume amekesha akitazama wacheza densi, asubuhi anamtumia mkewe video: "Jifunze hii." Kaka yangu, fungua Surat An-Nur. Aya ya 30 inatuamrisha sisi wanaume tuinamishe macho, na aya ya 31 ndiyo inawageukia wanawake. Sisi tumetangulizwa. Unamtaka mkeo ashindane na mwanamke wa kwenye kioo, aliyepambwa, mwenye taa na mpiga picha, wakati yeye ametoka shamba au sokoni na ana mtoto mgongoni? Huo ni udhalimu.

Ibn Abbas (r.a.) alipenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama alivyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake. Wewe umeoga? Umeacha matumizi? Umemsemesha kwa upole leo? Kiuno hakizibi pengo la mkono mzito wala la ulimi mkali.

NASAHA YA MWISHO

Dada zangu, bora ya video zote ni mwanamke mtu mzima, mcha Mungu, katika mtaa wako. Mtafuteni. Na nyinyi mama zetu mnaojua, msituachie mabinti kwenye simu kisha mkalaumu kizazi. Kaeni nao baada ya darsa, mlango umefungwa, muwafundishe. Maswali ya ndani zaidi pelekeni kwa walimu wa kike wa madrasa zetu.

Allah azitie nyumba zetu mapenzi na huruma, na atusitiri duniani na Akhera. Amin.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.