Ugonjwa haungoji kibali cha jimbo

Ebola ilipotangazwa huko Mangina, karibu na Beni, tarehe 1 Agosti 2018, chanjo ilianza kutolewa siku saba tu baadaye. Haikuwa bahati. Jimbo la Équateur lilikuwa limemaliza mlipuko wake tarehe 24 Julai. Dozi zilizobaki zilikuwa Kinshasa, na wahudumu waliokwisha kuizoea kazi hiyo walikuwapo. Mashariki ilipata msaada haraka kwa sababu msaada ulikuwa tayari.

Lakini Agosti 2019, Ebola ilifika Mwenga, Kivu Kusini, kupitia msafiri aliyetoka Beni, mamia ya kilomita mbali. Jina likipotea kwenye orodha ya watu wanaofuatiliwa katika jimbo moja, mgonjwa huonekana katika jimbo lingine. Mlipuko huo ulipomalizika tarehe 25 Juni 2020, watu 2.287 walikuwa wamekufa.

Mpox imerudia somo hilo. Mlipuko wa aina mpya ya kirusi ulianza Kamituga, mji wa wachimba dhahabu, Septemba 2023. Chanjo ilianza Goma tarehe 5 Oktoba 2024. Ni kweli, dozi zilipaswa kutoka ng'ambo. Hata hivyo, wachimbaji na wachuuzi hawakuketi mwaka mzima wakingojea ndege. Waliendelea kusafiri, na kirusi kikasafiri nao.

Sasa kazi imekuwa ngumu zaidi. Tangu M23 ilipoiteka Goma Januari 2025, kisha Bukavu Februari, mstari wa vita umegawa hata jimbo moja ndani yake. Uwanja wa ndege wa Goma, mlango mkuu wa dawa kwa mashariki, ulifungwa.

Viongozi wa Kinshasa, wa majimbo na wale wenye silaha wanaweza kutofautiana juu ya kila jambo lingine. Juu ya hili, wananchi wana haki ya kudai mambo matatu: orodha za wanaofuatiliwa zipelekwe kwa jirani siku hiyo hiyo, akiba ya dawa na vifaa iwekwe mapema katika miji mikubwa ya mashariki, na gari lenye sampuli, chanjo au wauguzi lipite kila kizuizi bila kulipishwa wala kurudishwa.

Makubaliano hayo yafanywe sasa. Siku mgonjwa wa kwanza atakapoonekana, itakuwa kuchelewa kuanza kutafuta namba ya simu ya jirani.