Kukarabati Kabla ya Kubomoa

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ya masika ikinyesha kwa nguvu jijini Nairobi, jengo la orofa sita liliporomoka mtaani Huruma kando ya mto, likawafukia wapangaji wake, na waliofariki wakawa takriban 50. Jengo lile halikuwa limefichika machoni pa wakuu: lilikwisha kuorodheshwa miongoni mwa yale yaliyostahili kubomolewa, na watu wakaendelea kulipa kodi na kulala ndani yake. Amri ya kubomoa ni nzito mno hata kwa yule aliyeitoa, kwa kuwa nyuma yake kuna familia zisizo na pa kwenda na mwenye nyumba aliye tayari kukimbilia mahakamani. Basi mamlaka isiyojua amri nyingine aghalabu hukaa kimya mpaka ukuta wenyewe useme.

Si kwamba sheria hakuna. Sheria ya Afya ya Umma tunayo tangu 1921. Kanuni za ujenzi za 1968 zilidumu zaidi ya nusu karne kabla ya kufuatwa na zile za kitaifa za 2024. Na Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti dhamana ya zimamoto na ya kukabili maafa. Kanuni za 2007 za kupunguza hatari ya moto zinadai ukaguzi kila mwaka, lakini zimeandikwa kwa ajili ya mahali pa kazi. Mfanyakazi yule yule, akirudi jioni Kawangware kwenye nyumba ya kupanga ya orofa tano yenye ngazi moja nyembamba, hana wa kumuuliza mtungi wa kuzimia moto ulijazwa lini, wala nani aliyeweka kufuli kwenye mlango wa paani.

Na Kambi Muru, kijiji cha Kibera kisicho na majengo ya orofa kama hayo, je? Hapa mas'ala yanakuwa magumu zaidi, na ndipo tunapotaka msomaji atulie nasi. Wanubi, wazao wa askari wa Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza, waliopewa makao Kibera mwanzoni mwa karne iliyopita, walingoja hadi 2017 ndipo wakapata hati ya ekari 288. Na katika muda huo wote nyumba za udongo na mabati zilizidi kusongamana, zao na za majirani waliokuja baadaye, bila ramani iliyoidhinishwa, maana aliyehesabiwa kuwa anakaa juu ya ardhi ya serikali angeombaje idhini? Nyumba isiyokuwamo daftarini haikaguliwi. Hukumbukwa siku ya tingatinga, kama ilivyokuwa Kibera Julai 2018 ilipopitishwa barabara. Watauliza baadhi ya wasomaji, chumba cha mabati kina mitambo gani ya usalama ya kutunzwa? Tunajibu kwamba usalama wake uko nje ya kuta zake: katika uchochoro wa kukimbilia, katika nyaya za stima zilizo juu ya paa, katika bomba la maji, na katika njia inayoweza kupitisha gari la zimamoto. Vitu hivi si milki ya mpangaji, wala si vya kudaiwa mwenye nyumba peke yake. Sehemu kubwa ni amana ya kaunti yenyewe.

Kwa hiyo tunaliomba Bunge la Kaunti ya Nairobi litunge sheria ndogo itakayompa mkaguzi uwezo wa kutoa amri ya ukarabati yenye muda maalumu na faini, na kumlazimu mwenye nyumba ya orofa kubandika mlangoni, kila mwaka, hati ya ukaguzi ambayo mpangaji ataisoma kabla ya kulipa kodi. Sharti la pili, tulionalo la haki zaidi, ni kwamba kaunti nayo itangaze kila mwaka, wadi kwa wadi, mabomba yake ya zimamoto yenye maji na yasiyo na maji. Gharama za ukarabati zisihamishiwe kwenye kodi kimya kimya. Kuhusu hili sheria iseme waziwazi, kwani mpangaji amekwisha kuulipia usalama huo kila mwezi tangu alipoingia.