Leseni ya Udereva na Swali la Ukaazi

Mzazi anayempeleka kijana wake kusoma Marekani huuliza habari za karo, malazi na chakula. Wachache huuliza habari za leseni ya udereva, ilhali nje ya miji mikubwa ya nchi ile asiye na gari hufika kwa taabu dukani, kazini na hata msikitini. Katika ofisi ya kamati yetu wazazi huleta fomu za watoto wao wakitaka zisomwe na kufafanuliwa, na hili la leseni ndilo aghalabu hupuuzwa. Juma hili tulitazame kwa utulivu, kwani kosa lake laweza kugharimu zaidi ya faini.

La kwanza kulifahamu ni kwamba Marekani haina leseni moja ya taifa. Kila jimbo miongoni mwa majimbo 50 hutoa yake, kwa kanuni zake. Leseni ya Ohio hukubaliwa Texas kwa mtu anayepita au kuzuru. Akihamia huko na kuwa mkaazi, hupewa muda wa kuibadilisha. Muda huo ni siku 10 California, siku 30 New York na siku 90 Texas. Anapopokea leseni mpya, hurejesha ya zamani, maana haifai dereva mmoja kushika leseni za majimbo mawili.

Je, mwanafunzi ni mgeni au mkaazi? Anaishi chuoni sehemu kubwa ya mwaka, lakini nyumba ya wazazi wake ipo jimbo jingine. Majimbo mengi humhesabu kuwa si mkaazi maadamu amekuja kwa ajili ya masomo tu, naye huendelea kutumia leseni ya kwao ikiwa ingali hai. Hata hivyo, kinachoamua ni matendo yake, si jina la mwanafunzi. Huko California, kujiandikisha kupiga kura au kulipa karo ya kiwango cha wenyeji ni dalili ya ukaazi. Vyuo vya umma humtoza mwenyeji karo ndogo, na tofauti yaweza kufika maelfu ya dola kwa mwaka. Basi kijana anayeomba karo ya mwenyeji chuoni, kisha akamwambia askari wa trafiki kuwa yeye ni mgeni, amejipinga kwa ulimi wake mwenyewe.

Jambo hili limewahi kufika mahakamani. Mwaka 2018, Gavana Chris Sununu wa New Hampshire alitia saini sheria iliyobadili maana ya ukaazi, nayo ikaanza kutumika Julai 2019. Kwa sheria hiyo, aliyechagua kupiga kura huko alihesabiwa mkaazi, na dereva miongoni mwao akawajibika kuchukua leseni ya jimbo ndani ya siku 60. Wanafunzi wawili wa chuo cha Dartmouth walifungua kesi, wakidai kuwa gharama ya leseni imefanywa kuwa gharama ya kura. Ama wewe, mzazi, chukua funzo hili: kadi ya udereva ni tamko la mahali ulipo mji wako.

Tamko hilo hugusa bima pia. Kampuni hukadiria bima kwa kutazama mahali gari linapolala. Gari likilala chuoni mwaka mzima ilhali karatasi zasema lipo kwa baba, kampuni yaweza kukataa dai siku ya ajali. Wala asidhani kijana kuwa kosa alilolitenda mbali halitafika kwao. Majimbo mengi yana mapatano ya kupeana habari za makosa ya barabarani, na adhabu humfuata dereva katika jimbo lililompa leseni.

Kwa kijana anayetoka huku kwetu yapo ya ziada. Kule magari hupita upande wa kulia, hivyo mazoea ya hapa hayatoshi. Akitaka kibali cha kimataifa cha udereva, hana budi kukichukua katika nchi iliyompa leseni kabla ya kusafiri, nacho hakifai kitu pasipo leseni yenyewe. Akiomba leseni ya jimbo, apeleke pasipoti, hati ya kuingia nchini na fomu ya chuo iitwayo I-20. Asikimbilie huko siku ya pili ya kufika, kwa kuwa taarifa zake huthibitishwa kwanza katika kumbukumbu za serikali kuu. Chuo kina afisa wa wanafunzi wa kigeni, naye ndiye wa kuulizwa kwanza.

Lililo zito kuliko yote ni hili. Tangu sheria ya mwaka 1993, fomu ya leseni katika majimbo mengi huambatana na swali la kujiandikisha kupiga kura. Asiye raia akitia alama kwamba yeye ni raia, au akapiga kura, aweza kufukuzwa nchini, na mlango wa kurudi ukafungwa. Wapo waliotia alama kwa haraka tu, wakidhani ni sehemu ya maombi. Kijana aisome kila sentensi kabla ya kutia saini, na asipoelewa, aulize.

Basi, mzazi, kabla ya safari keti na mwanao mkubaliane mji wake ni upi. Kisha leseni, bima, karo na kura, kwa aliye raia, viseme neno moja. Akiamua kubaki na ukaazi wa nyumbani, aangalie leseni yake itakwisha lini, kwani kuihuisha ukiwa mbali hakuruhusiwi na kila jimbo. Na akiamua kuhamisha ukaazi, ahamishe vyote kwa pamoja na kwa wakati.